Njano Tatu Kando ya Reli

Mama mkwe wangu alinifundisha maua kwa kupiga kelele, kwa sababu mila ya kwao haikumruhusu anikaribie. Kwa Wasoga, mwanamume na mama wa mkewe hawagusani, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na hawasimami mahali ambapo kivuli cha mmoja kinaweza kumlalia mwenzake. Basi yeye alisimama upande huu wa reli ya zamani, mimi upande ule, nyasi zikatutenganisha, na darasa likaendelea. Sauti yake, nawaambieni, ilivuka Mto Nile ikawaamsha viboko wa ng'ambo, wakadhani kumekucha.

Tulizungumza Kiswahili. Mimi ni Mgisu, mzaliwa wa Namatala kule Mbale, mtaa ambao kila kabila la Uganda limekuja kutafuta kibarua, na Kiswahili ndicho kilichotuwezesha kutukanana kwa usawa. Yeye alikuwa mke wa askari magereza, baba mkwe wangu, Mungu amlaze pema, na Kiswahili chake alikiokota kambini kikiwa bado kimevaa buti. Majirani wetu wa Mafubira, kando ya mji wa Jinja, ambao wengi wanaisikia lugha hiyo na kukumbuka miaka ya wanajeshi, walifunga milango siku ya kwanza. Walidhani kuna mtu anakamatwa. Kumbe ni mama mzee anamwuliza mkwewe kama jani lina kikonyo.

Yote yalianza mke wangu aliposhika mimba ya kwanza. Mama mkwe alihesabu miezi kwa vidole, akayatazama mawingu, akaguna. Mtoto angezaliwa kiangazi, mwezi wa pili, wakati Jinja yote imekauka kama mkate uliosahaulika kabatini. Na mtoto wa ukoo wao hapokelewi duniani kwa maji matupu. Anaogeshwa kyogero, maji yaliyochemshwa na majani ya porini, kila familia na mchanganyiko wake. Majani mengi ya mchanganyiko wa kwao yalipatikana sokoni, yamefungwa mafungu mafungu. Mmoja tu haukuuzwa popote, mmea wenye maua ya njano ambao mama yake alimwonyesha yeye, naye mama huyo alionyeshwa na mama yake. Wajukuu wote waliotangulia walizaliwa wakati wa mvua. Mtu alitoka tu nje akachuma, maua yakimcheka.

Huyu angekuja wakati mmea ni vijiti. Na zaidi ya hayo, macho ya mama mkwe yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alikuwa anasubiri zamu ya kupasuliwa, na zamu hiyo ilikuwa inasogea kama kinyonga mwenye baridi yabisi. Alihitaji mtu wa kuufuata mmea huo tangu unachanua mpaka unakufa, ili siku ikifika asiuchanganye na jamaa zake. Binti zake wakubwa walikuwa Kampala na shughuli zao. Binti wa mwisho, mke wangu, mimba ilikuwa imemfanya achukie harufu ya kila jani, hata la chai. Nikabaki mimi, karani wa duka la vifaa vya ujenzi, mhitimu wa shule ya usiku ambako taa moja iliwasomesha nusu ya vijana wa Mbale na mbu wao wote.

"Mimi nimeogesha wote," aliniambia kutoka ng'ambo ya reli siku hiyo ya kwanza. "Huyu wa mwisho nikiogesha na majani ya uongo, nitakuwa nimemwosha tu, kama sufulia."

Mvua za Septemba zilipofika, kingo za reli ziligeuka njano mara moja. Nililala dunia ni kijani, nikaamka mtu amemwaga viini vya mayai kutoka Jinja mpaka Iganga. Treni hazipiti hapo mara nyingi, kwa hiyo maua yalikuwa yamejitwalia mpaka katikati ya mataruma, yakichungulia kati ya kokoto. Mimi niliona ua moja lililojirudia mara milioni. Mama mkwe akasema hapo kuna ndugu watatu wasioelewana. Nilijaribu ujanja wa kisasa, nikawapiga picha wote watatu na kuiuliza simu. Simu ikafikiri, ikafikiri, ikaniambia wote ni alizeti. Nilipomsomea mama mkwe jibu hilo, aliuliza kama hiyo simu imewahi kulima.

Siku zile za mwanzo mke wangu alikuwa posta yetu. Nilichuma tawi, nikampa, akavuka reli kwa madaha ya wajawazito, akampelekea mama yake, akarudi na hukumu. Amesema huyu si yeye. Amesema huyu pia si yeye. Amesema mguu unamuuma, na hili la mguu, nilijua, lilikuwa la kwake mwenyewe.

Polepole ndugu wale wakaanza kuachana machoni mwangu. Yule tuliyemtaka alikuwa na majani ya kukwaruza. Ukilipitisha jani lake kwenye kucha, kucha inatoa vumbi. Tukampa jina la Msasa. Nilitangaza kwa sauti ya kuvuka reli kwamba kwa jani kama hilo seremala angeweza kulainisha kitanda kizima. Mke wangu, aliyekuwa amesimama katikati na mkono kiunoni, akaninong'oneza kwamba kitanda kimekwisha fanya kazi yake, nitafute majani. Wa pili majani yake hayakuwa na kikonyo hata kidogo. Yalikaa mawili mawili, yamelibana shina kwa pande zote kama watoto waliomwona mama karudi safari. Huyo tukamwita Mkumbatiaji. Wa tatu alikuwa na shina la pembe nne, na hakujua kusimama mwenyewe. Aliwaegemea wenzake, akapanda mabegani mwao, akachanulia huko juu kana kwamba urefu ni wake. Tukamwita Mtambaaji. Maua yenyewe, ambayo ndiyo niliyokuwa nikiyatazama tangu utoto, hayakusaidia kitu. Watatu wote walivaa njano ileile, kama wanakwaya.

Jumapili baada ya Jumapili, mchana ukiwa umelegea, tulitembea hivyo. Upepo ulileta majivu ya miwa iliyochomwa mbali, vipande vyeusi vyembamba kama nyuzi, vikatua juu ya njano bila sauti. Wakati mwingine kati yetu kulikuwa na nyuki tu na joto likipanda kutoka kwenye chuma. Nilianza kuishi nusu huko. Dukani, nikimhesabia fundi misumari, kidole changu kilienda chenyewe kwenye rundo la msasa kikapapasa, na fundi akaniuliza kama namba ya simu yangu imo humo. Usingizini niliona watu nao wana vikonyo. Niliamka siku moja nikamwambia mke wangu kwamba shingo yake ni ya pembe nne. Akageukia ukutani.

Novemba petali zikaanza kwenda. Hazikuanguka zote kwa pamoja. Zilififia kwanza, zikawa rangi ya karatasi ya zamani, zikajikunja, halafu siku moja upepo mdogo ukazichukua. Hapo ndipo ndugu wale walipoanza kutoa siri zao. Kichwa cha Mtambaaji kiligeuka mpira mweusi wa miiba midogo, ukikibana kinajibu. Kichwa cha Msasa kilifunguka na kumwaga vijimakapi, kikabaki kikombe kitupu. Mkumbatiaji alidondosha majani yake mapema kuliko wote, na pale majani yalipokuwa yamekumbatia pakabaki alama mbili zilizokaribia kukutana, kama pete iliyokatwa.

Mke wangu alikuwa mzito sasa, miguu imevimba, posta ikafungwa. Tukatumia reli yenyewe kuwa meza. Niliweka tawi juu ya chuma, nikarudi nyuma mpaka kwenye kichuguu, yeye akaja, akaliinua, akalinusa, akalipapasa, akapaza hukumu. Niliona kwamba kila wiki alilileta karibu zaidi na uso. Mwishoni mwa mwezi ule kope zake zilikuwa zinaligusa.

Ndipo mimi nikapata wazo, na wazo hilo naomba mlisamehe, lilikuwa la mtu aliyesoma. Nilijiambia: kiangazi kinakuja, vijiti vyote vitafanana, kwa nini nisiiwekee mimea yetu alama mapema? Nikaichukua sketi kuukuu ya mke wangu, nzuri, nyekundu ya kuonekana kutoka mbali, nikaichana vipande vyembamba, nikawafunga Msasa wote waliokuwa kando ya njia ya kwenda kisimani. Nilifunga kwa upendo. Nilipomaliza, njia nzima ilikuwa inapepea.

Mtu yeyote aliyekulia Busoga angeniambia nilichofanya. Vitambaa vyekundu vichakani, njia ya maji, hakuna aliyeonekana akivifunga. Asubuhi iliyofuata wanawake walifika mwanzo wa njia na madumu yao wakasimama. Kufikia mchana hakuna aliyekuwa anapita. Walizunguka kwa mbali, safari ya nusu saa zaidi wakiwa na maji kichwani, huku wakinitaja bila kunijua na kuniombea kifo. Kundi la kanisa likaja kuomba pale, likaomba vizuri sana, hata mimi nilisema amina nikiwa dirishani. Mwisho mwenyekiti wa kijiji akaleta vijana wenye mafyekeo na mafuta ya taa. Wakafyeka, wakarundika, wakachoma, kitambaa na Msasa na kila kitu. Moshi wake ulikuwa mtamu.

Nilikwenda kumweleza mama mkwe kutoka nje ya ua wake, nikisema na mgongo wake kama inavyotakiwa. Alicheka mpaka akakaa chini. Kile kicheko kilipokwisha, nikasikia kilichokuwa chini yake.

"Wewe ulisoma usiku," alisema, "ndiyo maana mambo ya mchana huoni." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Sasa tutajuaje, mkwe? Ile mingine huko leri imekauka yote. Mimi nikishika, nashika kijiti tu."

Niliondoka pale nikiwa mdogo kama punje ya mtama.

Krismasi ikanipeleka Mbale kumsalimu mama yangu, ambaye mpaka leo anauza mihogo ya kukaanga Namatala na hajawahi kumwonea mtu huruma. Nilimweleza habari ya Msasa. Aligeuza mihogo yake, akaniambia kwamba mtoto aliyekwenda Jinja kutafuta maisha amerudi mbuzi, na kama nina njaa ya majani, nipande mlimani, yako bure.

Nikapanda kweli. Mlima unaanza pale mji unapoishia, na njia yake inapita kati ya kahawa na migomba, halafu kwenye nyasi, halafu chini ya majabali. Bondeni palikuwa kiangazi kamili, vijiti vya kijivu vikilia chini ya viatu. Nilipopanda kidogo, nikaona vijiti vilevile vina majani machache ya chini, bado yanakwaruza. Nikapanda tena, nikakuta vikombe vitupu, na kando yake vichwa vingine ndiyo kwanza vinamwaga makapi. Juu zaidi petali za rangi ya karatasi. Na juu kabisa, ambako ukungu ulikuwa umelala kwenye jabali na nyasi zilikuwa na maji kana kwamba mvua imetoka sasa hivi, Msasa walikuwa wamechanua wote, njano tupu, na Septemba ilikuwa imekaa pale imenisubiri.

Sijui nilikaa pale muda gani. Mimi nasema miaka. Mji ulikuwa chini kama vigae vilivyomwagwa, sauti ya adhana ikapanda, ikafika ikiwa nyembamba, na kati yangu na mji ule miezi yote ilikuwa imetandikwa mteremkoni, mmoja juu ya mwingine. Nikaanza kushuka taratibu, nikiufuata mmea mmoja mmoja. Ua, nikaligusa. Ua linalofifia, nikaligusa. Kikombe. Jani la mwisho. Kijiti. Kisha nikapanda tena, nikamfuata Mkumbatiaji kuanzia kule juu, na kila hatua ya kushuka pete yake ilijichora zaidi. Wachungaji wawili wa mbuzi walinitazama nikipanda na kushuka mchana kutwa nikipapasa magugu, wakahamisha mbuzi wao. Nilipofika chini, jua likiwa limeegemea upande wa Jinja, ningeweza kukutajia kijiti chochote nikiwa nimefumba macho.

Na kwa kweli nilifumba, nikajijaribu, nikachomwa na Mtambaaji.

Niliporudi Jinja, nilitafuta kando ya reli mbali na lile jivu letu, nikawapata Msasa wakavu, shina la mviringo, vikombe vitupu, na chini kabisa jani moja moja lililojikunja ambalo bado lilikwaruza. Nikachukua na wale ndugu wawili pia, maana mama mkwe alikuwa ameagiza niwalete wote watatu, achague mwenyewe. Mkono wa kuchagua ulikuwa lazima uwe wake. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama yake.

Mtoto akazaliwa, msichana, mwenye sauti ya bibi yake. Siku waliporudi kutoka hospitali, uani kwetu kulikuwa na chungu juu ya mafiga, na shemeji yangu mkubwa alikuwa amefika kutoka Kampala na beseni jipya. Mama mkwe alikaa kwenye mkeka, amenipa ubavu. Nikaweka matawi matatu makavu juu ya jiwe, nikarudi nyuma mpaka ukutani kwa jirani. Akasogea, akayachukua. Akanusa, lakini kiangazi kilikuwa kimekula harufu. Akayaleta kwenye kope. Akayapapasa kwa vidole ambavyo vimeshika jembe tangu kabla mimi sijazaliwa. Shemeji akachochea moto, akasubiri na kisu.

Mama mkwe akayarudisha juu ya jiwe, akainua tawi moja, akasema kwa Kisoga, kwa sauti ya mtu mwenye hakika, kwamba huyu ndiye.

Kutoka pale ukutani niliiona ile pete.

Mkwe hamkosoi mama mkwe. Hata kumtazama usoni hamtazami. Na pale mbele ya binti yake mkubwa, aliyekuja akiwa ameshamwambia mdogo wake kwamba mama amezeeka na haya mambo ya majani yaachwe, kumkosoa kungekuwa kumvua nguo. Lakini nilikumbuka alivyosema habari ya sufuria. Alikuwa ameyatembelea maua yale tangu Septemba, macho yakizimika njiani, ili siku hii asidanganye. Shemeji yangu, nikakumbuka pia, hajui Kiswahili hata cha kununulia chumvi. Alihamia kwa shangazi yake mapema, hakukulia kambini.

Nikatazama mawinguni, nikasema kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. "Mama, huyo anakumbatia."

Mkono wake ulibaki hewani. Kidole gumba kikarudi kwenye shina, kikazunguka, kikasimama, kikazunguka tena.

"Kidole yangu imekufa, mkwe," alisema polepole, bila kugeuka. "Hapana sikia kitu."

"Aliye katikati ya jiwe, mama. Ana jani moja chini. Liweke kwenye shavu."

Akaliacha lile la kwanza, akachukua la katikati, akalishusha mpaka kwenye jani lile lililojikunja, akalipitisha shavuni. Nilisikia mkwaruzo mpaka nilipokuwa, au nilidhani nimeusikia, lakini mimi nasema Mafubira nzima ilisikia. Mabega yake yakashuka. Shemeji akauliza kwa Kisoga kuna nini, huyo askari anasema nini. Mama mkwe akamjibu kwa sauti kubwa kwamba alikuwa anamjaribu mkwe wake, ameshika kwa makusudi lisilo lenyewe aone kama kijana amejifunza, na kijana amejifunza, tofauti na watu wengine anaowajua. Kisha akachukua kisu mkononi mwa binti yake, akakata mwenyewe, akatia chunguni.

Mimi nilitazama ukuta wa jirani kwa makini sana. Ulikuwa ukuta mzuri.

Wakati wa kuogesha mwanamume haingii. Nilikaa nje chini ya dirisha, mvuke ukitoka kwenye nyufa za mbao na kuleta harufu ya nyasi zilizoloa, ingawa mvua ilikuwa bado mbali. Nilimsikia mtoto akikasirika, kisha akitulia. Nilisikia maji yakichotwa na kumwagwa, yakichotwa na kumwagwa, na sauti ya mama mkwe, safari hii ndogo, ambayo sijawahi kuisikia reli ikiwa kati yetu. Baada ya kitambo mke wangu akamwuliza mama yake, akinyoosha maneno kama mtu ambaye kichefuchefu kimemwacha na sasa anataka kujua, hilo jani la maua ya njano likoje hasa, na mtu atalitambuaje akiwa peke yake.

Kisoga changu ni kibovu, lakini jibu lake nililielewa.

"Muulize bwana yako," alisema. "Mimi nilishampa."